Tulivyoipandisha Nyumba ya Baba kutoka Ziwani

Tangu nirudi, duka langu la kushona sare hapa Makutano limegeuka kituo cha habari. Mtu anaingia akidai amekuja kupimiwa mtoto sketi, lakini namwona macho hayako kwenye futi. Anataka kujua kama ni kweli tulienda Embu na lori tupu tukarudi na nyumba. Ni kweli. Nimeisimulia hadi mate yamenikauka, na kila anayeisikia anaipeleka mbele ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo nimeamua kuiandika mwenyewe. Kuanzia leo, anayekuja dukani aje kwa ajili ya sketi.

Wengi wenu mlimjua Baba akiwa mwalimu mkuu, mtu wa tai na sauti nzito. Lakini alipokuwa kijana alipelekwa kufundisha kule chini, Mbeere, karibu na mahali mto Tana ulipofungwa kwa ajili ya umeme. Wenyeji hupaita bwawani. Sisi tulipaita ziwani, kwa sababu Baba alipaita hivyo. Huko alipata rafiki, Njiru, mkulima wa ndengu na mfugaji wa mbuzi, naye Njiru akampa kona ya shamba lake inayotazama maji, kwa maneno ya mdomo tu. Baba akajenga hapo nyumba ya mbao, vyumba viwili na baraza. Hata baada ya kuhamishiwa kwetu Meru, likizo ya Agosti na ya Desemba alitubeba sote hadi kwenye nyumba ile.

Sasa niseme jambo ambalo familia yetu ililificha miaka mingi. Nyumbani Baba hakujua hata chumvi inakaa wapi. Ziwani alivaa kaptura, akawasha moto, akapika. Chapati, ndengu, hata samaki, ambao Mama alikataza wasiguse sufuria zake hadi Baba akanunua ya kwao. Mama alikaa barazani amenyoosha miguu akiletewa chai. Tulikatazwa kuyasema hayo huku juu, na hatukuyasema. Watu wangesema amerogwa.

Baba alituacha mwaka jana. Tangu siku hiyo Mama, ambaye moyo wake ulikuwa na shida hata kabla, alianza kusukuma sahani. Daktari alimkataza joto na safari ndefu. Jumapili moja tukitoka kanisani alisema, "Nataka kulala kwa ile nyumba ya ziwani. Kama mimi siwezi kuenda, basi iletwe."

Mutwiri, ndugu yangu anayefundisha hesabu, alicheka. "Mama, mbao ni mbao. Nitakujengea ingine mpya hapa nyuma."

"Hapa nimepika tangu niolewe," Mama akasema. "Kule nilikuwa napikiwa. Hiyo ndiyo nataka."

Mutwiri aliacha kucheka. Mama alikuwa hajaomba chochote tangu mazishi, si nguo, si chakula, si hata dawa. Nilijua kama hatutamletea nyumba hiyo, hatutapata kingine cha kumrudisha mezani.

Makutano hadi Thuci

Mutwiri alikuwa amepanga kila kitu kama ratiba ya shule. Kutoka alfajiri, kufika kabla ya saa sita, kubomoa mchana, kulala Embu, kurudi. Gitonga, mwenye kuendesha lori, aliisikiliza hiyo ratiba kwa heshima, kisha akasimama Nkubu kunywa chai. Akasimama Chuka kununua ndizi. Mahali pengine alisimama tu, akateremka, akalizunguka lori akipiga magurudumu teke, akarudi akiwa ameridhika.

"Dere, kwani tutafika?" Mutwiri akauliza.

"Mwalimu, hii si hesabu," Gitonga akamjibu. "Hii ni gari."

Mimi nilikuwa katikati yao nikimenya ndizi, na sikuwa na haraka hata kidogo. Barabara ile inashuka bonde na kupanda bonde, na kila bonde lilikuwa na kumbukumbu yake kwangu. Tulipofika Thuci, kwenye zile kona za kuteremka mtoni, tulikuta lori la mawe limekufa katikati ya kona, na magari yamepangana nyuma yake. Watu walikuwa wameshateremka, wengine wamelala nyasini. Kina mama wa pale walifika na mahindi ya kuchemsha na maparachichi utadhani waliambiwa mapema.

Thuci ndipo Baba alipokuwa akivua tai. Sisemi mfano. Basi likishaanza kushuka, alikuwa anaifungua, anaikunja vizuri, anaitia mfukoni, halafu anaanza kuimba. Mwalimu mkuu alibaki upande wa Meru na aliyevuka mto alikuwa mtu mwingine, anayetutania, anayetuuliza vitendawili. Nilimwambia Mutwiri, "Hapa ndio alikuwa anavua tai." Mutwiri akasema anakumbuka, akatazama saa, kisha akaomba hindi. Tulikaa pale hadi jua likawa kichwani, na nilimkumbuka Baba kwa furaha kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Kanja, kwa Tata

Huwezi kupita Kanja bila kumwamkua Tata, dada yake Baba aliyeolewa huko. Mutwiri alitaka tupite kimya, turudi baadaye. Nilimuuliza kama ana ujasiri wa kumweleza Tata kwamba tulipita na lori zima akiwa shambani kwake akichuma kahawa. Tukakata kona.

Tata hakuuliza tunaenda wapi. Alituweka chini, akatoa mukimo wa viazi na mahindi uliokuwa tayari, akasema ni kidogo tu cha kuonja, na sahani ikawa mlima. Gitonga alikula kama mtu aliyetumwa. Mutwiri alipojaribu kusimama, aliongezewa.

Tulipomaliza ndipo nilipomwambia tunaenda kuleta nyumba ya Baba ya ziwani. Tata alimtuma Gitonga nje akaangalie kama ng'ombe wamefika kwenye migomba, halafu akavuta kiti karibu na sisi.

"Sasa nyinyi ni watu wazima, niwaambie," akasema kwa sauti ya chini. "Mkifika huko mkikuta mtu, msigombane na yeye."

"Mtu gani, Tata?"

"Mwanaume haendi mahali kila likizo, miaka yote hiyo, kuangalia maji. Hata kaka yangu. Mkikuta watoto, mje nao. Ni damu yetu."

Nilicheka hadi nikamwaga chai. Nilimweleza kwamba tulikuwa tukienda na Baba, sisi na Mama, na hakukuwa na mke wa pili wala kivuli chake. Tata alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akitetea jambo asilolijua. Baadaye, ndani ya lori, niliona Mutwiri hacheki. "Miaka ya mwisho alikuwa anaenda peke yake," akasema. "Mama alikuwa ameacha kusafiri." Nikamwambia aangalie barabara.

Kuteremka kutoka Embu

Embu mjini tulisimama kununua kamba, maana katika ratiba yote ile Mutwiri alikuwa amesahau kamba. Muuza duka alitaka kujua tunafunga nini. Tulipomwambia nyumba, alituonyesha kamba za kufungia ng'ombe, akasema hizo hazijawahi kumwangusha mtu.

Kutoka hapo barabara inaanguka kwenye joto. Migomba inaisha, kahawa inaisha, zinabaki ndengu, mtama na miti ya miiba. Karibu na Kiritiri tulisimama kutia maji kwenye rejeta, na vijana wakaja mbio. Waliona lori limetoka Meru na wakakata shauri wenyewe.

"Watu ya miraa wamekuja kununua muguka!" mmoja akapiga kelele. "Si mliishiwa huko juu? Karibuni mle kitu poa!"

Wasioijua muguka, ni majani yanayotafunwa Mbeere kama sisi tunavyotafuna miraa, na kila upande unaona wa pili hauna akili. Gitonga alikasirika kabisa. Aliwaambia hawezi kula majani ya mbuzi, nao wakamwambia yeye anakula vijiti vya kuwashia moto, na mjadala huo ukatuchelewesha zaidi ya lori la Thuci. Mwishowe walitusaidia kubeba maji, wakatuaga vizuri.

Ziwani

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipoyaona maji. Ziwa lilikuwa pale pale, pana na tulivu, na shamba la Njiru likishuka kuelekea kwake. Nyumba ya Baba ilikuwa imesimama chini ya mgunga wake. Na ilikuwa ikitoa moshi.

Kulikuwa na shuka kwenye kamba. Mlango ulikuwa wazi. Barazani kulikuwa na ndala za mwanamke.

Mutwiri alinishika mkono kwa nguvu. "Kendi," akasema, "Tata."

Sitawadanganya, hata mimi moyo ulinienda mbio. Tuliteremka tukasogea polepole, na mwanamke akatoka ndani ameshika ufagio, kitambaa kichwani, akatutazama akikaza macho. Kisha akautupa ufagio akaja mbio amenyoosha mikono. Alikuwa Mama Muturi, mke wa Njiru, aliyenifundisha kukamua mbuzi nikiwa mdogo.

"Ni Kendi! Na huyu ni Mutwiri, ona amekuwa mzee! Njiru! Njiru, wamefika!" Alikuwa akituzunguka akitushika mabega. "Nilisema hii Agosti haiwezi kupita. Nimeanika malazi yake, nimefukuza popo, nimeweka maji. Sasa Mwalimu ako wapi? Bado yuko kwa gari? Magoti bado inamsumbua?"

Alishampita Mutwiri, akawa anaelekea kwenye lori kumsaidia Baba kushuka.

Nilidhani wanajua. Sote tulidhani hivyo. Nilimfuata nikamshika mkono kabla hajafika, nikamwambia. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Alikaa chini mchangani pale pale alipokuwa.

Njiru alikuwa ametokea upande wa mbuzi na alikuwa amesikia. Mtu mrefu, mwembamba, mvi kichwani na ndevuni. "Lini?" akauliza.

"Mwaka jana, Mzee," Mutwiri akasema. "Tulitangaza. Mimi mwenyewe nilipeleka tangazo kwa redio, ilisomwa jioni mara kadhaa."

"Redio gani?"

Mutwiri akaitaja, ile inayotangaza kwa Kimeru, ambayo kwetu hakuna nyumba isiyoisikiliza saa ya matangazo ya vifo.

"Hiyo hapa hakuna mtu anasikiliza," Mama Muturi akasema akiwa bado chini. "Sisi tunasikiliza hii ya kwetu. Kila jioni tunasikiliza waliokufa. Mwalimu hakuwa kati yao."

Baba hakupenda simu, na namba ya Njiru hakuna kwetu aliyekuwa nayo. Tulikuwa tumetuma watu hadi Maua, hadi Isiolo, tukahakikisha hata waliosoma naye wamepata habari. Upande huu wa chini tulidhani redio inatosha, maana ndiyo iliyotutosha sisi.

Njiru alivuta pumzi. "Na nani aliongea upande wa majirani?"

Kwenu ninyi swali hilo halihitaji maelezo. Hakuna mazishi kwetu bila familia kuongea, kanisa kuongea, wakwe kuongea, na majirani kutoa mtu wao. Mutwiri alikohoa. "Mzee Mbaabu," akasema.

"Huyo wa miti ya mpaka?"

Mzee Mbaabu na Baba walikuwa hawajapatana kwa miaka kwa sababu ya mstari wa miti, na siku ya mazishi Mzee Mbaabu alisimama akaeleza kwa machozi walivyokuwa wakigawana chumvi.

"Kila Agosti nilisikia habari ya huyo Mbaabu," Njiru akasema. "Huyo ndiye alisimama. Na mimi nilikuwa hapa napura ndengu." Sauti yake haikupanda. "Mmekuja kufanya nini na lori?"

Nilimwambia ombi la Mama, na hali ya moyo wake, na jinsi alivyoacha kula. Alisikiliza hadi mwisho.

"Pole kwa mama yenu. Lakini hii nyumba haitoki leo. Lori ni yenu. Nyumba ni ya Mwalimu, na Mwalimu hapa hatujamlilia." Akageuka akarudi kwa mbuzi wake.

Mutwiri alinivuta kando ya baraza. Kesho asubuhi lori lilikuwa na mzigo wa kabichi. Mbao ni zetu, akasema, tuanze tu upande wa nyuma, mzee atapoa. Nilimwambia akigusa msumari mmoja nitamtupia mamba kwa mikono yangu, na anajua mamba wapo. Alijua pia kwamba nyumba ikitoka kwa ugomvi, Mama hatalala ndani yake hata usiku mmoja.

Aliyetuokoa ni Gitonga, ambaye nilidhani amelala. Alikuwa amesimama nyuma yetu akipangusa mikono. "Mimi nitapigia mwenye kabichi," akasema. "Kabichi inaweza kungoja. Wazee walie kwanza."

Tulivyokaa

Majirani walifika jioni ile ile. Kila mtu alikuja na kitu, kuni, sukari, debe la maji, na Njiru akachinja mbuzi bila kumsemesha mtu. Katekista akaomba, kisha watu wakaanza kusimama mmoja mmoja mbele ya baraza, wakituelekea sisi kama ilivyo desturi, wakasema walichokijua juu ya Baba.

Ndugu zangu, nilikutana na mtu nisiyemjua. Mama mmoja alisema Mwalimu ndiye aliyeanzisha nyimbo za Krismasi kanisani kwao, na kila mwaka alianzia juu mno hadi wanaume wakashindwa katikati. Mwingine alisema kiboko alimfukuza Mwalimu kutoka majini hadi juu ya mti, na watu walipofika kumwokoa aliwaambia anakagua kama mti una mchwa. Kijana mmoja alisema alitoroka shule na Mwalimu akamfuata hadi malishoni, wakachunga pamoja siku nzima bila kuitaja shule, na kesho yake akarudi darasani mwenyewe. Mama Muturi alisimama akasema Mwalimu alimfundisha Njiru kupika chapati, na kwamba za Njiru bado ni ngumu lakini anashukuru.

Watu walicheka wakilia. Na mimi nikasimama, nikasema mbele za watu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba baba yangu alikuwa akimpikia mama yangu. Wakanishangilia, wakapiga makofi. Wao walikuwa wamejua siku zote. Niliona wivu kidogo, niseme ukweli, kwamba watu hawa walikuwa na Baba huyo mwaka mzima mdomoni, na sisi tulimfungia kwenye siri yetu. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko wivu.

Wa mwisho alikuwa Njiru. Alisimama, akavua kofia. Kisha akaivaa tena.

"Mimi siwezi kuongea hapa," akasema. "Jirani huongea kaburini. Kesho nabomoa hii nyumba na mikono yangu, kwa sababu najua vile iliungwa. Halafu napanda hiyo lori."

Hakuna aliyembishia. Mutwiri alisogea akamkalisha kwenye kiti chake, na nikaona ametoa kitambaa cha mfukoni.

Asubuhi Njiru ndiye aliyepanda juu ya paa akang'oa bati la kwanza. Alitia kila ubao alama kwa mkaa, akatuonyesha tuubebe vipi, akamgombeza Mutwiri kwa kupinda misumari. Bati la chumba chetu lilipotoka, jua likaingia mahali ambapo tulikuwa tukilala watoto wote kwa mstari, na nikalia kwa sauti bila aibu. Mama Muturi akaja akalia na mimi, na tulipochoka tukaenda kuleta chai ya watu.

Kupanda

Njiru hakuwa amepita Runyenjes maishani mwake. Alikaa mbele nasi amevaa koti lake la kanisani, magoti yamegusana na kifua, akiuliza majina ya mito. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akatusimamisha.

"Mmebeba nini?"

"Nyumba," Gitonga akasema.

"Nyumba ya nani?"

"Ya Mwalimu," Njiru akamjibu kabla yetu, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kwamba kuna askari asiyemjua Mwalimu. Askari akazunguka, akainua turubai, akaona mlango na madirisha, akarudi akitikisa kichwa. Akatuambia tufunge kamba vizuri, tuende.

Kanja, Tata alitoka mbio akachungulia ndani ya lori. Alimwona Njiru akishuka na ndevu zake nyeupe. Nikamwambia, "Tata, huyu ndiye mke wa pili." Alishika mdomo, halafu akacheka hadi akaegemea lori, na Njiru alipoelezwa naye akacheka, na tukalazimishwa kula tena.

Nyumbani

Mama alikuwa getini, amejifunga leso, maana alikuwa amelisikia lori kutoka mbali. Nilidhani atatazama mbao. Alimwona Njiru akishuka na akasahau mbao zote.

"Muga, Mama Kendi," Njiru akamsalimu kwa Kimeru alichofundishwa na Baba.

Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Njiru," akasema. "Nilikungoja kwa mazishi. Nikasema, labda watu wa chini wametusahau."

"Sikuambiwa."

Mama akatutazama. Mutwiri akawa anachunguza gurudumu la lori kama Gitonga. Mwaka mzima Mama alikuwa amebeba hilo bila kulitamka, kwamba watu waliompenda mumewe hawakuja kumzika, na sisi tukidhani ni moyo tu unaomsumbua.

Nilitaka kumpeleka Njiru kaburini pale pale, lakini alikataa. Nyumba kwanza, alisema. Hawezi kumwendea Mwalimu huku nyumba yake imelala chini. Kwa hiyo ilijengwa, nyuma ya jiko, kando ya miti ya makadamia. Njiru alitetemeka kwa baridi yetu na hakulalamika, akasoma alama zake za mkaa ubao kwa ubao. Mzee Mbaabu naye alifika kutazama, akaishia kushika ngazi. Njiru alimsalimu, akaushika mkono wake kwa muda, akamwambia, "Nimesikia habari zako nyingi." Mzee Mbaabu alifurahi sana.

Mama alilala ndani ya nyumba ile siku ile ile ilipopata mlango. Asubuhi Mutwiri ndiye aliyempelekea uji, ameupika mwenyewe, na alirudi na kikombe kitupu akanionyesha sehemu ya chini. Nilimpiga begani.

Ndipo Njiru alipooga, akachana nywele, akavaa koti lake. "Sasa naweza," akasema.

Tulimweka Mama kwenye kiti karibu na kaburi, sisi tukasimama. Njiru alivua kofia akalielekea lile kaburi kama mtu anayeelekea mkutano.

"Mimi naitwa Njiru. Naongea upande wa majirani."

Alianza na mvua za mwaka ule zilivyochelewa. Akamweleza Baba ndengu zilivyotoka, maji yalivyopungua hadi mawe ya katikati yakaonekana, Muturi alivyooa na mtoto aliyempata, nani amehama, nani ameokoka, papai zipi zimezaa. Alisema mwaka jana Agosti alienda kumngojea barabarani siku kadhaa na kiti mkononi, kwa sababu ya yale magoti. Alisema nyumba ameileta mwenyewe na hakuna ubao uliopotea. Aliongea na Baba polepole, kwa Kiswahili na kwa Kimbeere, akisubiri pale ambapo mtu mwingine angejibu, kisha akiendelea.

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, na matone ya kwanza yakaanza. Mutwiri alinitazama, akaangalia juu, akamtazama Mama na moyo wake. Akapiga hatua mbele, akanyoosha mkono amshike Njiru kiwiko kwa adabu, kama wanavyofanyiwa wanaorefusha hotuba.

"Mutwiri, rudi nyuma," Mama akasema. "Jirani hajamaliza."

Mutwiri akarudi, akavua koti lake akamfunika Mama mabega. Njiru akaendelea na habari za mbuzi, na sisi sote tukakaa kwenye mvua tukimsikiliza.